Benni McCarthy: maswali mnayouliza sana, kutoka Cape Flats mpaka benchi la Harambee Stars

Tangu apewe Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, maswali kuhusu Benni ni yale yale, timu ikishinda watu wanauliza alicheza wapi, timu ikifungwa wanauliza nani alimleta. Haya majibu tumeyaweka mahali pamoja, mengine marefu mengine mafupi, inategemea uhondo uko wapi.

Huyu Benni ni nani hasa?

Jina kamili Benedict Saul McCarthy, amezaliwa Cape Town tarehe 12 Novemba 1977. Alikuwa straika, tena straika wa kweli, yule wa kukaa ndani ya boksi akinusa mpira unaangukia wapi. Ndiye mfungaji bora wa historia ya Bafana Bafana, timu ya taifa ya Afrika Kusini, mabao 31, na ameshinda Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004. Ukocha kaja nao baadaye.

Alikulia wapi?

Hanover Park, huko Cape Flats. Ni zile mitaa ambazo serikali ya ubaguzi iliwasukuma watu waliofukuzwa katikati ya Cape Town, na mpaka leo ni mahali pa magenge na risasi. Kijana akitoka pale na mpira mguuni ujue ameponea mengi. Timu iliyompa nafasi ni Seven Stars, alifunga sana mpaka wakubwa wakaanza kuulizia, akapitia pia Cape Town Spurs kwa muda mfupi. Baadaye, mwaka 1999, hizo timu mbili ziliunganishwa ikazaliwa Ajax Cape Town, lakini wakati huo yeye alishapaa zamani.

Amechezea timu ngapi jumla?

Nane ukihesabu na ya mkopo: Seven Stars, Cape Town Spurs, Ajax ya Amsterdam, Celta Vigo, Porto (mara mbili hiyo), Blackburn, West Ham na Orlando Pirates. Nchi tano. Kwao Afrika Kusini, Uholanzi, Uhispania, Ureno, Uingereza halafu nyumbani tena.

Ajax alifika na miaka mingapi, na alicheza kweli au alikuwa anakaa benchi?

Alifika 1997, hajafikisha hata 20. Na Ajax ya wakati ule haikuwa ya mchezo, ndani mlikuwa na Litmanen, Michael Laudrup, mapacha wa De Boer, golini Van der Sar. Kocha Morten Olsen. Msimu wake wa kwanza wakachukua ligi na kombe la Uholanzi, msimu wa pili kombe tena. Hakuwa anaanza kila mechi lakini alikuwa anacheza na anafunga. Kitu kimoja watu husahau ni kwamba Kiafrikana na Kiholanzi ni ndugu, kwa hiyo kijana wa Cape Flats alikuwa anaelewa kocha anafoka nini, wakati Waafrika wengine wanaofika kule mwaka wao wa kwanza wanaumaliza wakikisia tu.

Ile stori ya mabao manne ndani ya dakika 13 ni ya kweli?

Ya kweli kabisa. Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 1998 Burkina Faso, dhidi ya Namibia, mechi iliisha 4-1 na yote manne ni yake, tena yote kabla ya mapumziko. Halafu akafunga dhidi ya Morocco robo fainali, akafunga mawili dhidi ya DR Congo nusu fainali likiwemo bao la dhahabu, ile sheria ya zamani kwamba ukifunga muda wa nyongeza mpira umeisha papo hapo. Jumla 7, sawa na Hossam Hassan wa Misri. Fainali Misri wakashinda 2-0, ila mchezaji bora wa mashindano akawa Benni, kijana wa miaka 20. Hao Bafana walikuwa mabingwa watetezi lakini waliingia na kocha wa muda, Jomo Sono, na hakuna aliyewategemea kufika mbali.

Na Kombe la Dunia?

Bao la kwanza kabisa la Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia ni lake, sare ya 1-1 na Denmark pale Toulouse, Juni 1998. Akarudi 2002 Korea na Japani, akafunga dhidi ya Uhispania mechi waliyolala 3-2.

Celta Vigo ilikuwaje?

Hapo kidogo palikuwa pagumu. Alienda 1999, Celta ya enzi hizo ilikuwa inacheza mpira mtamu, Mostovoi na Karpin wako kwenye ubora wao, lakini yeye hakuwahi kuimiliki nafasi ile moja kwa moja. Msimu mmoja anacheza, mwingine anatazama. Mpaka Januari 2002 ikabidi atolewe kwa mkopo, na kumbe huo mkopo ndo ulikuwa maisha yenyewe.

Porto walimjuaje?

Mourinho alikuwa ndo kwanza amepewa Porto, Januari hiyo hiyo 2002, timu imechoka, anataka straika. Akamchukua Benni kwa mkopo, na jamaa akafunga mabao 12 katika mechi 11 za ligi. Kumi na mbili! Ungedhani watamnunua siku hiyo hiyo lakini pesa haikuwepo, ikabidi arudi Vigo mwaka mzima kukaa akiwaangalia wenzake wa Porto wakichukua Kombe la UEFA 2003 bila yeye. Majira ya joto ya 2003 Porto wakamuuza Hélder Postiga kwa Tottenham, hela ikapatikana, Benni akarudi. Msimu huo 2003/04 akafunga 20 kwenye ligi akawa mfungaji bora wa Ureno.

Ile mechi aliyowaua Man United naomba mnikumbushe

Tarehe 25 Februari 2004, hatua ya 16 bora, pale Dragão, uwanja wa Porto. United ndo walianza kufunga, na aliyefunga ni Quinton Fortune, naye mtoto wa Cape Town, yaani Waafrika Kusini wawili wa mji mmoja wanafungiana kwenye Ligi ya Mabingwa. Benni akasawazisha, halafu dakika ya 78 akaruka juu ya mabeki akapiga kichwa ambacho kipa hakukigusa. 2-1. Roy Keane akamkanyaga Vítor Baía akapewa nyekundu.

Marudiano Old Trafford, Scholes kafunga, Scholes tena kafunga lakini likakataliwa eti ameotea na hakuwa ameotea, United wanaelekea kupita kwa bao la ugenini, maana jumla ikiwa sare anapita aliyefunga zaidi ugenini. Dakika ya 90 Porto wanapata faulo. Anayepiga nani? Benni. Tim Howard anautema, Costinha anamalizia, na Mourinho anatimua mbio pembeni ya uwanja na koti lake. Kila mtu anakumbuka hizo mbio lakini mpira wenyewe ulitoka mguuni kwa Benni, na ni wachache sana wanaotaja.

Fainali alicheza?

Alicheza, ila aliingia kipindi cha pili kumpokea Derlei. Gelsenkirchen, Porto 3 Monaco 0, wafungaji Carlos Alberto, Deco na Alenichev. Medali anayo. Desemba ya mwaka huo wakaenda Yokohama wakachukua na Kombe la Mabara, penati dhidi ya Once Caldas ya Colombia.

Blackburn mbona watu wa EPL wanamkumbuka sana?

Kwa sababu ya msimu mmoja. 2006/07, chini ya Mark Hughes, alifunga 18 kwenye ligi, Drogba peke yake ndo alimzidi na 20. Cristiano Ronaldo msimu huo alikuwa na 17. Soma tena hiyo sentensi. Na Blackburn walimpata kwa pauni milioni 2.5 tu, hela ambayo leo hununui hata kipa wa akiba. Msimu uliofuata akafunga 8, wa tatu 10, majeraha yakaanza kupiga hodi.

West Ham je?

Alienda mwanzoni mwa 2010, hakufunga hata bao moja, mkataba ukavunjwa Aprili 2011. Magoti na uzito. Sina la kuongeza.

Kwa nini hakucheza Kombe la Dunia la kwao 2010?

Parreira alimkata kwenye kikosi cha mwisho cha watu 23, hakuwa fiti. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu ni kwamba mambo yake na timu ya taifa yalikuwa ya kuachana na kurudiana muda wote, alishatangaza kustaafu baada ya 2002 akarudi, akagombana na viongozi, akaachwa na makocha, akaitwa tena. Mfungaji bora wa nchi, nchi inaandaa Kombe la Dunia la kwanza Afrika, na yeye anaangalia kwa TV. Kwangu mimi hilo linauma kuliko West Ham yote, lakini ukiwa mkweli Parreira hakuwa na namna, mtu alitoka kucheza mechi chache tena akiwa mzito.

Orlando Pirates alienda kustaafu tu?

Wengi walifikiri hivyo, jamaa wa miaka 33 anayetoka kufeli London. Msimu wake wa kwanza, 2011/12, Pirates wakachukua vikombe vya MTN8 na Telkom Knockout pamoja na ligi ya Afrika Kusini. Mataji matatu. Akatundika daluga 2013.

Ukocha alianza vipi?

Alifanya kozi zote mpaka leseni ya UEFA Pro, hakutegemea jina. Kazi ya kwanza ilikuwa usaidizi pale Sint-Truiden ya Ubelgiji mwaka 2015, chini ya Chris O'Loughlin. Cape Town City wakampa timu yake mwenyewe katikati ya 2017, klabu changa iliyozaliwa mwaka mmoja tu kabla. Mwaka huo wakafika fainali ya MTN8 wakapoteza kwa penati mbele ya SuperSport. Mwaka uliofuata, fainali ile ile, mpinzani yule yule, penati tena, safari hii wakashinda. Septemba 2018, taji lake la kwanza kama kocha mkuu. Novemba 2019 akafukuzwa, timu ilikuwa imesahau kushinda.

Na AmaZulu?

Hii ndo kazi yake bora kwa maoni yangu, hata kuliko CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. AmaZulu ni klabu kongwe ya 1932 lakini miaka mingi ilikuwa inahangaika tu isishuke daraja. Alipewa Desemba 2020, msimu umeshaanza, timu iko hovyo. Wakamaliza wa pili nyuma ya Sundowns! Wakaingia Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya kwanza, na humo wakamtoa TP Mazembe, suluhu Durban na 1-1 kule Lubumbashi, bao la ugenini likawapitisha, wakafika makundi. Sasa nani anaenda Lubumbashi akatoka salama? Machi 2022 wakaachana, ligi ilikuwa imeanza kuwasumbua.

Man United alikuwa kocha kweli au ni stori za mtandaoni?

Alikuwa kocha kweli, ila sio kocha mkuu. Erik ten Hag alimchukua Julai 2022 kwenye benchi la timu ya kwanza, kazi yake hasa ni washambuliaji, umaliziaji na jinsi ya kujipanga kwenye boksi. Msimu wa kwanza Rashford akafunga 30 kwenye mashindano yote, akawa hajawahi kufikisha hizo kabla. Nani apewe sifa? Rashford mwenyewe kwanza, lakini kocha wa mafowadi naye apewe chake. Alikuwepo walipochukua Carabao, yaani Kombe la Ligi, 2023 na Kombe la FA 2024 walipomfunga Man City 2-1, mkataba ukaisha akaondoka majira yale ya joto. Na ndio, ni timu ile ile aliyoiua 2004, mpira hauna kinyongo.

Kenya alifikaje?

Engin Fırat, Mturuki, aliondoka mwishoni mwa 2024 wakati FKF, shirikisho la soka la Kenya, nayo inabadilisha uongozi, Hussein Mohammed akashinda urais Desemba na naibu wake ni McDonald Mariga. Machi 2025 Benni akatambulishwa Nairobi kwa mkataba wa miaka 2. Alikuja na watu wake, Vasili Manousakis msaidizi na Moeneeb Josephs, kipa wa zamani wa Bafana na Pirates, kwa upande wa makipa.

Mariga pia alichukua Ligi ya Mabingwa, 2010 na Inter, na kocha wake alikuwa nani? Mourinho. Kwa hiyo pale kwenye mpira wa Kenya kuna medali mbili za Ligi ya Mabingwa zilizotoka mkono mmoja.

Mechi yake ya kwanza na Stars ilikuwa ipi?

Gambia, kufuzu Kombe la Dunia, ikachezwa Abidjan. Stars walikuwa nyuma 3-1, straika Michael Olunga akarudisha moja, Wilson Lenkupae akasawazisha mwishoni kabisa, 3-3. Siku tatu baadaye uwanja wa Nyayo, Nairobi, Gabon wakaja na Aubameyang, akafunga mawili, 2-1. Watu wakanuna lakini ukweli alikuwa amekaa na wachezaji siku chache tu.

CHAN ilikuwaje? Elezeni polepole

Agosti 2025, Kenya mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda, na Kenya haikuwa imewahi kucheza CHAN hata mara moja. Kundi likawa DR Congo, Angola, Morocco na Zambia. Congo bingwa mara mbili, Morocco bingwa mara mbili. Kila mtu aliomba tu tusiaibike.

Congo 1-0, bao la Austin Odhiambo. Angola 1-1, walifunga mapema, Odhiambo akasawazisha kwa penati, halafu Marvin Nabwire akala nyekundu kabla ya dakika ya 25, wakacheza wakiwa 10 muda wote uliobaki na hawakufungwa tena. Morocco, Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko, kabla hata hawajaenda kunywa maji Erambo akatolewa kwa nyekundu, kipindi kizima cha pili wakiwa 10 tena, Kasarani inatetemeka, 1-0. Zambia 1-0, Ogam tena. Kundi wakalimaliza wa kwanza na pointi 10.

Ukiangalia hizo mechi utaona kitu. Timu haikuwa inamiliki mpira sana, walikuwa wanajipanga chini, wanazuia wote, halafu wanatafuta ile nafasi moja ya Ogam. Huo ndo ukocha wa straika: anajua goli moja likipatikana kwa wakati wake kazi ya wengine ni kulilinda. Na serikali ilikuwa imeahidi milioni moja ya shilingi kwa kila mchezaji kila wakishinda, kwa hiyo kulilinda kulikuwa na faida.

Robo fainali Madagascar, Alphonce Omija akafunga kwa kichwa, wageni wakasawazisha kwa penati, 1-1, zikapigwa penati tukatolewa 4-3. Hao Madagascar walifika fainali wakafungwa na Morocco 3-2 pale pale Kasarani. Ile Morocco tuliyoifunga. Basi tu.

Wale vijana wa CHAN wako wapi?

Ogam alitoka Tusker akaenda Wolfsberger ya Austria, mashindano yalimuuza.

Baada ya CHAN mbona tulirudi chini?

Septemba Gambia walikuja Kasarani wakatufunga 3-1, wakati sherehe za CHAN bado hazijapoa. Seychelles tukawapiga 5-0 lakini Seychelles kila mtu anawapiga. Oktoba tukashinda Burundi 1-0 ugenini, bao la Ogam, halafu Ivory Coast wakatupiga 3-0 kule Abidjan. Novemba, Antalya ya Uturuki, Senegal wakatufunga 8-0 kwenye kirafiki.

Nane ni nyingi, hakuna kujificha. Ila CHAN ni wachezaji wa ligi ya ndani, aliishi nao kambini wiki kadhaa, mazoezi kila siku, kila mtu anajua asimame wapi. Dirisha la FIFA unapata siku tatu nne na watu wanaotoka mabara tofauti. Na mfumo wa kujipanga chini unahitaji mazoezi kuliko kitu kingine chochote, siku nne hazitoshi.

Kuna wanaosema Benni ni mtu wa mwaka wa kwanza tu. Ni haki?

Ukiangalia historia yake huwezi kuwacheka wanaosema. Blackburn 18 mwaka wa kwanza kisha nusu yake. Pirates mataji matatu mwaka wa kwanza. Cape Town City fainali mbili halafu kufukuzwa. AmaZulu wa pili halafu kuachana mwaka uliofuata. Kenya CHAN ya ajabu halafu ile Novemba. Mtu anaingia mahali na moto, anawapa watu imani, kisha wapinzani wanamsoma na hapo ndo shida inaanza.

Lakini Porto hakuwa hivyo. Alirudi 2003 akakaa misimu mitatu, akaondoka na ubingwa mwingine wa ligi 2006, na kule kulikuwa na viongozi wasioyumba na kikosi kinachoongezwa kila mwaka. Cape Town City na AmaZulu hazikuwa hivyo. FKF nayo tunaijua historia yake, makocha wamepita pale wakidai mishahara. Kwa hiyo mimi nadhani swali ni la shirikisho kuliko la Benni, ingawa na yeye inabidi aonyeshe mpango wa pili timu ikifungwa kwanza, maana mpaka sasa tumeona zaidi ule wa kutangulia na kulinda.

Mkataba wake unaisha lini?

Alisaini miaka 2 Machi 2025, kwa hiyo hesabu inafika Machi 2027. AFCON 2027, ambayo Kenya inaandaa na Tanzania na Uganda, imepangwa katikati ya mwaka huo. Yaani kwa karatasi iliyopo mkataba unaisha kabla ya mashindano aliyoletwa kuyaandaa, na kama FKF wanataka awe benchini siku ya ufunguzi itabidi wakae naye mezani mapema, sio wiki mbili kabla kama kawaida yetu.